Mazengo Wawili, Kadi Moja

Kuna watu wakikasirika wanapiga meza. Priska akikasirika ananyamaza, anavua viatu chini ya dawati, halafu vidole vyake vinashuka kwenye kibodi kama anatwanga mtama. Mimi Hamida ni Mrangi wa Kolo, hasira yangu haijui kukaa ndani, ndiyo maana habari hii naisimulia mimi na si yeye. Yeye mkimuuliza atawaambia yameisha. Hayajaisha, na leo nitayasema.

Kiwanda chetu cha uchapaji kiko Chang'ombe ya Dodoma, nyuma ya maduka ya vipuri. Mimi nasimamia mashine ya kadi, na kazi ya Priska ilikuwa inatangulia yangu. Mteja analeta majina ya watu wake jinsi alivyozoea kuyaandika, hovyo hovyo, na programu yetu kubwa ya kuchapia haili kila chakula. Lazima mtu aielekeze: safu hii ni jina, hii ni kijiji, tarehe igeuzwe hivi, picha ichukuliwe kule. Mtu huyo akiteleza, mashine yangu inatoa kadi nzuri, zinang'aa, na zote ni za uongo. Priska alizaliwa Mvumi, akasomea kompyuta hapa hapa Dodoma, na miaka yote niliyofanya naye kazi sikumwona akiteleza. Alikuwa na kopo lake la karanga karibu na kiwambo, na ukimgusia karanga zake ndipo unaposikia sauti yake. Nilikuwa namtania kwamba Mgogo bila karanga ni gari bila mafuta.

Mwaka jana, kabla ya mavuno ya zabibu, ushirika mmoja wa wakulima wa upande wa Hombolo ulituletea kazi ya kadi za wanachama. Kadi yenye picha na alama ya kusomwa na mashine. Bila kadi hupiti getini, na usipopita getini zabibu zako hazipandi mizani. Katibu wao alisisitiza jambo moja: mwanachama mmoja, kadi moja, kwa sababu msimu uliotangulia wajanja walikuwa na kadi mbili mbili.

Priska akapanga kila kitu, akajaribisha. Programu ikamwonyesha majina mengi yanayojirudia, kijiji kilekile, majina yote matatu sawasawa. Bosi wetu, Fredy, akacheka mpaka akashika kiti. Akasema wezi wenyewe ndio hao, wafutwe. Priska akamweleza taratibu kwamba hao si wezi. Kwao mtoto wa kiume hupewa jina la babu yake. Mazengo anamzaa Yoramu, Yoramu anamzaa Mazengo, Mazengo anamzaa Yoramu, hivyo hivyo tangu enzi za wazee, na ukiandika majina matatu babu na mjukuu wanakuwa mtu mmoja. Akaomba aongeze mwaka wa kuzaliwa kwenye kanuni ya kuondoa wanaojirudia ili programu iwatenganishe, na wazee wasio na mwaka katibu aulizwe mmoja mmoja.

Fredy hakutaka. Kuulizana kungechelewesha kazi, na yeye alishaahidi tarehe. Akampigia katibu simu, akamsomea jina moja tu la mfano, Mazengo Yoramu Mazengo, akamuuliza kama ni wawili. Hapo ndipo moto unaponipanda mpaka leo. Katibu ni Mgogo, naye ana mjukuu anayeitwa jina lake. Kama kuna mtu alipaswa kujua, ni yeye. Lakini akajibu haraka haraka kwamba yule mzee ameshafariki, kwa hiyo Mazengo ni mmoja, mwingine aondolewe, na wengine wote hivyo hivyo.

Kweli, mzee alikuwa ameshazikwa. Ila kwenye majina ya ushirika alikuwepo bado, kwa sababu huko kwao mtu mzima hafutwi kama chaki. Mpaka msiba umalizwe, ukoo ukae, mrithi atajwe, ndipo mtu aende ofisini kusema. Na programu ukiiambia ibakize mmoja, inabakiza aliyeandikwa kwanza. Katibu alimaanisha aondolewe marehemu, programu ikamwondoa aliye hai. Priska aliomba jibu hilo lije kwa maandishi. Fredy akasema simu inatosha, abonyeze. Akabonyeza, nami nikachapa.

Kadi zikagawiwa siku ya kufungua mizani, Jumamosi. Kabla ya adhuhuri akaingia kwetu mwanamume mmoja, vumbi la Hombolo mpaka kwenye kope, mikono ina utomvu wa zabibu. Akatusalimia vizuri, akaweka kadi juu ya kaunta. Jina Mazengo Yoramu Mazengo, picha ya mzee mwenye mvi.

"Dada, huyu ni babu," akasema. "Tulimzika Machi. Zabibu nimekata mimi."

Akatueleza kwamba jina lilipoitwa aliitikia, akapokea, akakutana na uso wa marehemu. Getini wakamwambia wewe siye huyu, rudi ulikotoka. Kreti zake zilikuwa zimeshakatwa, zimepangwa nje ya geti, na baba yake amekaa nazo juani. Yalikuwa mavuno yake ya kwanza tangu mzee aondoke, na ukoo ulikuwa unamtazama kama ataliweza shamba la babu. Zabibu ikishakatwa haina subira. Jua la kwetu mnalijua.

Fredy akatoka ofisini kwake, akaishika kadi kwa vidole viwili, akasema kosa ni la mteja. Mazengo aende akalete barua ya katibu, Jumatatu litashughulikiwa. Mazengo akasema simu ya katibu haipatikani. Fredy akarudia Jumatatu. Nikasikia viatu vya Priska vinaanguka chini ya dawati.

"Jumatatu zitakuwa siki, Fredy," akasema.

Miaka yote alikuwa anamwita bosi. Fredy mwenyewe alishtuka. Priska akafungua mipangilio, akaizima ile kanuni, akaanza kuyasoma majina upya. Wakaibuka watu tuliowameza, ukurasa baada ya ukurasa, wajukuu watupu, wazima, wenye mashamba. Nilipowaona nilitaka kulia kwa hasira. Fredy akatangaza kwamba atakayegusa mashine, Jumatatu asije. Nikamjibu kwa Kirangi ili nisipunguze kitu, halafu nikawasha mashine. Tukaanza na Mazengo, tukafuatisha wenzake.

Tukakodi gari. Tukapita Ihumwa. Priska kashika bahasha ya kadi mapajani, Mazengo anaangalia jua lilipofika. Getini tukamkuta Yoramu, baba yake, amekaa chini pembeni ya kreti alizozifunika magunia yaliyolowa. Nyuki wamejaa. Chini ya kreti mchanga umelowa maji ya zabibu.

Priska akapiga goti, akamwamkia kwa Kigogo. Kadi mpya ikasomwa, geti likafunguka, kwa sekunde tu, jambo ambalo mtu alisema lisubiri Jumatatu. Lakini mpima mizani alipofunua kreti za chini, harufu ya chachu ikatupiga usoni sote. Zaidi ya nusu akazikataa. Mazengo hakubishana. Alizibeba mwenyewe moja moja mpaka kwenye shimo, akazimwaga, huku wenzake na wazee wa ukoo wakimtazama. Hilo ndilo sitamsamehe Fredy, wala katibu, aliyekuwa amesimama palepale anaangalia simu yake. Shamba hakulishindwa yule kijana. Alishindwa na sisi.

Kwa utaratibu wetu, kadi iliyokosewa lazima irudi kiwandani ikakatwe. Priska akamwomba Yoramu kwa heshima zote amrudishie ile ya kwanza. Yoramu alikuwa ameshaipokea kwa mwanawe, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akaitoa, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Mwanangu, picha nyingine ya baba yangu hatuna," akasema. "Mlimfuta mjukuu ili huyu abaki. Sasa mnataka kumfuta na huyu?"

Priska akamwachia. Njia nzima ya kurudi alilia bila sauti.

Jumatatu tukaja, sote wawili. Ushirika ulikuwa umeshalalamika, na Fredy alikuwa mtu mwingine, mpole, anatuita dada. Kumbe anatafuta pa kutupia mzigo. Akasema yatasahaulika yote kwa sharti moja: Priska aende Hombolo akailete ile kadi ya marehemu, ikatwe, isibaki nje ushahidi wa kwamba kiwanda chake kilikosea. Na akija mikono mitupu, asirudi.

Priska alikuwa peku muda huo. Akainama, akavaa viatu vyake, kimoja, cha pili, akafunga kamba.

"Mmoja nilimfuta kwa amri yako," akamwambia. "Wa pili kamfute mwenyewe. Mzee Yoramu yupo nyumbani, atakufungulia."

Akachukua kopo lake la karanga, akatoka. Fredy mpaka leo hajaenda Hombolo.