Kona ya Kushoto, Njia ya Nyabugogo

Mwaka wetu wa kwanza wa kutengeneza magurudumu ya baiskeli hatukupata lalamiko hata moja, na hilo ndilo lililoanza kuninyima raha.

Shemeji yangu aliliona jambo hilo kuwa neema. Kampuni ilikuwa yetu wawili: yeye, mume wa mdogo wangu, ni injinia aliyekulia Uganda, mtu asiyejua kukaa bila kushika kitu; nami nilikuwa nimeacha kazi ya habari za redio, nikaleta akiba yangu na tabia yangu ya kuuliza maswali. Tulipanga chumba Biryogo, mtaa wa Kigali, kati ya duka la cherehani na mkahawa wa chai na chapati. Ringi na spoki tuliagiza kutoka nje. Kuzisuka tulizisuka wenyewe. Yeye alikaa mbele ya kibano cha chuma kinachoshikilia gurudumu, akilizungusha, akikaza nati ya spoki moja kidogo tu, akilizungusha tena, kichwa kimeinama upande kama mtu anayesikiliza mlango wa jirani. Mimi nilipokea wateja, nikafunga mizigo, kisha baada ya wiki kadhaa nikawapigia simu kuwauliza gurudumu linaendeleaje.

Wote walisema ni zuri. Ni byiza cyane, zuri sana; murakoze, asante sana; Mungu awabariki. Shemeji alikuwa ananiomba nimrudie maneno yao jinsi walivyoyasema, naye anatikisa kichwa kwa kuridhika.

Lakini nilikuwa naona mambo. Mteja mmoja aliyelisifu gurudumu letu kwenye simu, nilimkuta Remera Jumapili moja ya zile ambazo barabara hufungwa kwa magari na nusu ya mji hutoka kukimbia. Alikuwa amepanda magurudumu ya kiwanda cha watu wengine. Alishuka, akanisalimu kwa mikono miwili, akauliza habari za shemeji na za watoto wa shemeji mmoja mmoja. Nilipomuuliza yetu yako wapi, alisema ameyatunza nyumbani.

"Yale ni ya heshima," aliniambia.

Nilikulia Bukoba, na nimeishi Kigali muda wa kutosha kuelewa nilichoambiwa pale. Huku mtu aliyelelewa vizuri hakwambii usoni kwamba kazi ya mikono yako ina kasoro. Sisemi ni unafiki. Ukikaribishwa mezani hutangazi kwamba mboga imezidi chumvi; unakula, unashukuru, na siku nyingine unakuwa umeshiba kabla ya kufika. Mtu pekee wa karibu yetu asiyefuata utaratibu huo alikuwa mshonaji wa duka la jirani, mama wa Biryogo hasa, kazaliwa pale. Siku tuliyotundika kibao chetu alitoka mlangoni, tepu ya kupimia shingoni, akasema kimepinda, na rangi yenyewe imekaa kama ya duka la dawa. Kilikuwa kimepinda kweli.

Ndipo akaja msichana wa mashindano.

Alitoka kaskazini, kwenye baridi ya volkano, na alikuwa akiendesha baiskeli kwa timu moja ya hapa mjini. Alikuja kwetu akisukuma baiskeli yake badala ya kuipanda. Miezi michache nyuma alianguka kwenye mteremko, akavunjika mfupa wa bega. Bega lilikuwa limepona, ila magurudumu yalikuwa bado yamekunjika kama vifuniko vya soda. Aliuliza kama gurudumu la namna ile linaweza kunyooshwa. Shemeji alilitazama, akalitazama na bega la msichana, akamwambia asubiri. Wiki iliyofuata alimpa jozi mpya, bure, nyepesi kuliko zote tulizowahi kusuka, zenye spoki chache ili zisimlemee kwenye kupanda.

"Hapa Kigali mlima ndio unaomaliza watu," shemeji alinieleza. Alijaribu magurudumu yale mwenyewe, kama alivyojaribu yote, kwenye mteremko wa kona nyingi unaoshukia Nyabugogo, kwenye stendi kuu ya mabasi. Alirudi akiwa na furaha.

Tangu hapo msichana alikuwa anapita kwetu karibu kila Ijumaa. Alileta viazi kutoka kwao, akanywa chai, akaniita mimi tantine, yaani shangazi, na jina la shemeji kwake likawa injenia. Kila nilipomuuliza kuhusu magurudumu alisema, "Iko sawa, tantine. Iko mzuri sana," huku akiangalia ndani ya kikombe.

Kwenye kupanda hakuna msichana wa timu aliyemkamata, na hilo kocha alilisema mbele ya kila mtu. Kwenye kushuka waliompita ni wengi. Kocha wake alikuwa na mzaha ambao timu nzima iliurudia: huyu akipanda ni mbuzi, akishuka ni bibi harusi. Aliyewahi kuona harusi ya huku, bibi harusi anavyoingia hatua kwa hatua, macho chini, kana kwamba chini kuna mayai, ataelewa kwa nini walicheka.

Ijumaa moja alikuja akatusimulia mzaha huo yeye mwenyewe, akacheka kabla yetu. Kisha akatuambia lililobaki. Timu ilikuwa inakwenda kushindana nje ya nchi, imebaki nafasi moja, na kocha ataitoa Jumapili baada ya kuwatazama wakishuka kuelekea Nyabugogo. Akishuka kama bibi harusi tena, atabaki nyumbani. Nyumbani maana yake ilikuwa kwao kabisa, kwa sababu baba yake alikuwa amempa mwaka huu tu wa kujaribu baiskeli. Baada ya hapo kulikuwa na mashamba ya viazi yanayomsubiri.

"Nafikiri ile kuanguka ilibakia ndani yangu," alisema. "Mwili iko tayari. Mimi ndio naogopa."

Shemeji alimfariji vizuri. Alimwambia woga ni kitu cha kawaida, aangalie mwisho wa kona na si tairi lake, avute pumzi. Mimi nilikuwa nimeinuka kuisogeza baiskeli yake, maana ilizuia mlango na mteja wa mama mshonaji alitaka kupita na kitambaa chake. Nilipoiinua nikaona mstari. Upande wa kushoto wa fremu, ndani, pale tairi la nyuma linapopita karibu kabisa na chuma, rangi ilikuwa imesuguliwa ikang'aa, kiasi cha urefu wa kidole. Upande wa kulia rangi ilikuwa nzima.

Redioni nilijifunza jambo moja ambalo limenisaidia kuliko mengine. Ukimuuliza mtu maoni yake, atakupa adabu yake. Ukimuuliza alikuwa amesimama wapi na akaona nini, atakusimulia. Kwa hiyo nilimsindikiza msichana hadi mlangoni, na habari za gurudumu sikuzigusa. Nilimwomba anieleze mteremko wa Nyabugogo, kona moja baada ya nyingine, kama vile mimi ndiye nitakayeushuka.

Alifurahi kuulizwa. Aliinua kiganja akakifanya baiskeli, akakilaza huku na huku. Kona ya kwanza ni ya kulia, hiyo anakwenda tu. Ya pili ya kulia tena, hiyo hata breki hashiki. Halafu inakuja ya kushoto, yenye ukuta wa mawe. Kiganja kikasimama.

Nikamuuliza pale kinatokea nini.

Cherehani ya jirani ilikimbia, ikasimama, ikakimbia tena.

"Gurudumu ya nyuma inaenda kwanza," alisema kwa sauti ndogo. "Halafu mimi nafuata."

"Na kona za kulia?"

"Za kulia tunaenda pamoja."

Nilimuuliza kwa nini wiki zote hizi hakutuambia. Alinitazama kwa mshangao wa kweli, kama vile nimemuuliza kwa nini hakututukana.

"Nitasema aje, tantine? Mtu anakupa viatu, uko unatembea peku, unamwambia vinabana?" Akaongeza kwamba isitoshe hakuwa na hakika. Mtu aliyeanguka husikia vitu. Kila mtu alimwambia ni woga, akaona bora kuamini ni woga.

Nilimwacha akinywa chai ya pili mkahawani, nikarudi ndani, nikamwonyesha shemeji mstari ule. Hakupenda. Alisema barabara hiyohiyo, kona hiyohiyo, ameipita mwenyewe na gurudumu halikutikisika, na kama ninataka tutaipita tena sasa hivi. Alikuwa anasema kweli. Nilimwangalia aliposimama pale, mikono kiunoni, suruali imeshikwa na mkanda ulioongezwa tundu. Shemeji yangu ni mwembamba kama spoki. Msichana ni mrefu, na miguu yake ni ya mtu anayepanda milima kwa kazi.

Nikamuuliza alipolisuka alihesabu uzito gani.

Alipangusa kibano kwa kitambaa ingawa hakikuwa na uchafu. Alisema alikadiria.

"Hukumuuliza?"

"Shemeji, nitamuuliza msichana wa watu ana kilo ngapi?"

Nilicheka, nikajuta kucheka, kwa sababu uso wake ulikuwa umebadilika. Alikuwa amekwisha elewa. Alikadiria, na kwa heshima alikadiria chini. Gurudumu la nyuma huwa na spoki zilizolegea zaidi upande wa kushoto, kwa kuwa upande wa kulia unabeba gia; chini ya mtu mwepesi hutajua kamwe, lakini chini ya mtu mzito anayelala kushoto kwa kasi, na spoki zenyewe chache, ringi linasogea hadi tairi linagusa fremu. Yeye aliona haya kumuuliza msichana uzito. Msichana aliona haya kumkosoa aliyempa zawadi. Haya ya wawili hao ilikuwa inashuka mlima na mtu mmoja juu yake.

Shemeji alitoka nje. Alisimama mbele ya meza ya mkahawa, akakohoa, akamwomba msichana radhi kwanza, na ombi lilikuwa refu hivi kwamba msichana alidhani ananyang'anywa magurudumu. Alipofika kwenye swali lenyewe alilisema akiangalia barabara.

Mama mshonaji alisikia kila neno. "Huyo mtoto?" alisema kutoka mlangoni kwake, sindano mdomoni. "Mapaja hayo mimi simshonei suruali bila kupima. Ninyi mmemshonea kwa kumwangalia usoni?"

Msichana aliangua kicheko, safari hii cha kwake hasa, akataja kilo zake bila shida yoyote. Shemeji aliziandika kwenye kiganja.

Jumamosi ilikuwa ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa. Asubuhi tulizibua mitaro na majirani, na mchana shemeji akafunga mlango akaanza upya: ringi lenye matundu mengi zaidi, habu nyingine ya katikati, spoki nene kidogo. Msichana alikaa naye karibu na kibano. Kila shemeji alipomaliza hatua alimwambia aegemee gurudumu kwa nguvu zake zote, kisha akazikaza spoki zaidi. Jioni alilipima, akakunja uso. Lilikuwa zito zaidi ya lile la kwanza. Alimwambia waziwazi kwamba kwenye kupanda atalisikia.

"Mlima niachie mimi, injenia," msichana alisema.

Jumapili alfajiri nilikwenda kusimama kwenye ukuta wa mawe. Lami ilikuwa na unyevu. Kabla sijawaona niliwasikia, minyororo na pumzi, kisha wakatokea kona ya juu, kundi zima limebanana, na kocha nyuma yao juu ya pikipiki. Msichana alikuwa katikati. Nilitazama mikono yake. Wenzake wawili walishika breki kabla yake. Naye alishika, kidogo, pale mwisho kabisa ambapo kila mtu hushika, akalala kushoto, na gurudumu la nyuma likapita mbele yangu likifuata la mbele bila kwenda popote peke yake. Taya alikuwa ameikaza. Siwezi kuandika kwamba hakuogopa. Niliuona uso wake kwa karibu na alikuwa anaogopa. Ila sasa ulikuwa woga wake tu, wa kiasi chake, na aliuweza.

Nilipofika chini Nyabugogo, wabeba mizigo walikuwa wamekwisha anza kelele zao na timu imesimama kando ya barabara ikinywa maji. Shemeji alikuwa pale, uso wa mtu aliyekesha. Msichana hakuwa wa kwanza kufika, wenzake wanne walimtangulia, lakini hakuachwa. Kocha alimpitia akiwa bado juu ya pikipiki, akamwambia kesho alete pasipoti. Alipokwisha sogea akageuka akawaambia wengine kwamba bibi harusi leo amewatoroka wasimamizi. Walicheka, naye msichana akacheka, akajifuta macho kwa glavu.

Kisha akaisukuma baiskeli hadi alipokuwa shemeji. Nilijiandaa kusikia asante, zile ndefu, na baraka za watoto wote. Asante ilikuja, lakini fupi.

"Injenia," alisema, "sasa ya nyuma iko mzuri kweli. Ila ya mbele iko na kakelele. Ukisimama kwa pedali, inalia."

Shemeji alipiga magoti palepale vumbini, kati ya magunia ya watu, akalinyanyua gurudumu la mbele, akalizungusha na kuinamisha sikio. Nilimwona akitabasamu.