Mwanga wa Ghorofa ya Tano

"Baba mdogo, mwanga wa hapa unaupima kila siku. Kwani unakua?"

Miradie alikuwa na miaka kumi, mwaka 1999. Fortunat, mfagiaji wa ngazi za maghorofa yao huko Peckham, London, alificha kipima mwanga mfukoni. "Nenda ukale," alimwambia.

Mwaka mmoja nyuma, saa kumi alasiri, mtu alimvamia Fortunat ghorofa ya tatu, kwenye ngazi isiyo na dirisha. Chupa ilipasukia kichwani. Mateke yakamvunja mbavu mbili. Alipojaribu kuinuka, mtu yule akamchoma jicho la kushoto kwa shingo ya chupa, akashuka bila haraka.

Alitoka hospitali na jicho moja. Mfagiaji hapiti uchafu akauacha: alisugua damu yake, kisha akapanda stuli akasugua pia rangi nyeusi ambayo vijana waliipulizia kwenye vifuniko vya taa. Alipofika ghorofa ya nne mbavu zikamshinda. Kesho yake mtaalamu wa polisi akaja kupima mwanga pale alipopigwa. Kipimo kikasoma lux hamsini, mwanga ambao uso unaonekana vizuri.

"Ulimwona nani?" polisi wakamuuliza.

"Gires," alisema Fortunat. Kijana huyo jirani alikuwa amemtukana wiki ileile.

Gires alifungwa miaka kumi. Huko gerezani wafungwa wakamvunja taya, na kwa mwezi mzima alinywa uji kwa mrija. Mama yake, Léocadie, alimzaba Fortunat kofi mlangoni pa kanisa, watu wakiangalia.

"Ulimwona kwa jicho lipi? Hilo lililotoboka?"

Ndipo Fortunat akanunua kipima chake. Akapiga hesabu: taa inatoa mwanga wa lumen mia nane, kuta zinameza nusu, mia nne ukizigawa kwa mita nane za mraba, ni hamsini. Hesabu ilikubaliana na kipimo cha mtaalamu. Akapanda ghorofa ya tano, kwenye taa ambayo bado ilikuwa na rangi nyeusi, kama ile ya ghorofa ya tatu siku aliyovamiwa. Mshale haukufika hata lux moja. Akarudi siku ya pili, na ya tatu, na miaka ikapita.

Asubuhi moja mwaka 2003, Miradie, sasa yuko sekondari, alimkuta kavaa suti, Léocadie akimsubiri nje.

"Mwanga ule haukui, Miradie," alisema. "Nilikuwa nasubiri ukue, nipate kumwona Gires. Leo nakwenda kwa wakili wake kumwambia sikuona mtu."