Mama Aliwakaribisha Wanunuzi

Nyumba ya mama ilikuwa na vyumba vinne, bati lililoanza kushika kutu, na uwanja wa mbele ulioteremka hadi kwenye lami. Uwanja huo ndio uliowatia watu wazimu. Siku hizi hapa Biharamulo kiwanja kinachogusa lami hakikai. Ukitamka asubuhi sokoni kwamba unauza, jioni anapiga hodi mtu ambaye hujawahi kumwona, na tayari anajua choo chako kiko upande gani.

Hatukuuza kwa kupenda. Magoti ya mama yalikuwa yamekataa ule mteremko, na hospitali ilikuwa upande wa pili wa mji. Mimi ni fundi cherehani na wateja wangu husema mengi wakati wa kupimwa, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kusikia habari za nyumba ndogo karibu na hospitali: vyumba viwili na sebule, kisima uani, hakuna kupanda wala kushuka. Mama aliiona mara moja tu. Aliingia sebuleni, akatazama kuta, akasema, "Hapa watakaa watu sita." Mimi nilikuwa nahesabu vitanda, yeye alikuwa anahesabu wageni.

Mwenye nyumba ile alitupa mpaka Jumapili. Walikuwapo wengine wanaoitaka, na hakunificha. Basi ilibidi tuuze upesi, tena tuuze vizuri. Nikamtafuta dalali.

Dalali alikuwa na mbinu yake. Wanunuzi watatu aliwapanga siku moja, kila mmoja na saa yake, ili anayetoka akutane mlangoni na anayeingia. "Wakionana tu, roho zinawauma," alisema. "Bei inapanda yenyewe, mimi nanyamaza." Kisha akanivuta pembeni. "Mama asiwape hata kiti. Mnunuzi akikaa anazoea, na akizoea anaanza kuomba apunguziwe."

Nilimwahidi. Lakini sikujua ningemwambiaje mama. Mama ni mtu wa Murusagamba, na huko alikolelewa mtu hatoki nyumbani kwako midomo ikiwa mikavu. Hata vijana waliokuja kupulizia dawa ya mbu walitoka kwake wamechelewa kazi, wananuka maharage. Nimekua na tabia hiyo na, niseme tu, nilikuwa nikiionea haya. Nikiwa shuleni nilitamani mama anayefunga mlango kama mama za wenzangu. Asubuhi ile nilimkuta ameshatoa chungu cha pombe ya mtama jikoni na kuchagua mirija ya kuinyonyea. Nikamwambia akirudishe. Akakirudisha, nikadhani yamekwisha.

Wa kwanza alikuja mfanyabiashara wa mchele, mtu mzima mwenye tumbo na simu mbili. Akazunguka nyumba, akagonga kuta kwa vidole, akachungulia chini ya kitanda cha mama. Alipotaka kuondoka, mvua ikashuka. Ilikuwa mvua ile ya kwetu inayofuta barabara yote usione ng'ambo. Akarudi ndani. Wa pili akaingia mbio, kijana mchimba dhahabu, mwenyeji wa Bugarama, upande wa kwao mama, ameloa hadi viatu vinalia. Akampigia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba na papo hapo akamletea kanga ajifute. Wa tatu, mama mmoja mtumishi wa serikali, alifika chini ya mwavuli uliogeuka nje ndani. Dalali alikuwa amesimama dirishani, uso umemshuka. Hakuna aliyekuwa anatoka, na hakuna aliyekutana na mtu mlangoni. Wote watatu walikuwa wamekaa kwenye kochi moja.

Kisha nikasikia sufuria jikoni.

Mama alitoka na sinia la ndizi na maharage, akaliweka katikati. Akarudi, akaja na chungu, anakisukuma kwa mguu wenye nafuu kidogo. Mirija ilikuwa tayari imesimama ndani. "Mvua hii ni ndefu," alisema. "Nyonyeni, baba zangu. Na wewe mama, kama hunywi, kula."

Kijana wa Bugarama alicheka kwa furaha. Nadhani alikuwa hajaona chungu cha namna ile tangu aende machimboni. Akashika mrija, mfanyabiashara akashika wake, vichwa viwili vikainama pamoja. Mama mtumishi akanawa mikono. Baada ya muda wanaulizana ukoo. Baada ya muda zaidi mfanyabiashara anamweleza kijana dawa ya kikohozi, na mama yangu amekaa kwenye kigoda anang'aa, anaongeza maji ya moto chunguni kwa birika, pombe isipungue. Alikuwa na wageni, basi. Hakukumbuka kwamba nyumba inauzwa.

Dalali alinitazama. Damu ilinipanda usoni. Nikaona kochi letu lililopasuka, mashavu ya mama yanayometa, mirija mikuukuu, na yule mama mtumishi akiwa na kucha zilizopakwa rangi anachota maharage kwetu kwa mkono. Nikasema kwa sauti:

"Mama, acha! Hawa si wageni. Ni wanunuzi!"

Ningeweza kulisema kwa Kihangaza, lugha yetu ya nyumbani. Nililisema kwa Kiswahili ili kila mtu asikie, nionekane mtu wa mjini anayejua biashara. Mama alikuwa ameinama na birika. Hakulimwaga, hakuliweka chini, alibaki amelishika tu. Mfanyabiashara akatoa mrija mdomoni. Mama mtumishi akafuta vidole taratibu, akatafuta mahali pa kutazama.

Dalali akaona nafasi, akataja biashara. Mfanyabiashara akasema bei yake, nayo ilikuwa ndogo. Dalali akamgeukia kijana, ambaye alikuwa ameshaniambia kwamba amekuja na uwezo wa kuipita mbali.

"Mimi siwezi," kijana alisema. "Mzee huyu tumenyonya chungu kimoja sasa hivi. Nimpandie bei hapa hapa, mbele ya mama?"

"Biashara ni biashara," dalali akasema.

"Kwenu."

Mama mtumishi naye akasimama, akamshukuru mama kwa chakula, akasema ataondoka na mvua hivyo hivyo. Dalali akamwuliza mama kama amekubali bei. Mama akaweka birika chini.

"Mwulizeni huyu," alisema, akinielekezea kidevu. "Mimi nilidhani ni wageni."

Nilitakiwa kukataa. Kesho yake, bila chungu, kijana yule angerudi na bei yake ya kweli. Hata mtoto angelijua hilo. Lakini nilikuwa siwezi tena kusimama kwenye sebule ile. Nilitaka watoke, wote, na macho yao, na ule mrija uliolala juu ya zulia. Nikasema tumekubali. Niliuza nyumba ya mama yangu kwa sababu niliona aibu, na aibu yenyewe nilikuwa nimeileta mimi.

Fedha haikutosha. Nilikwenda kumbembeleza mwenye nyumba ya karibu na hospitali, naye alinisikiliza akiwa amesimama langoni, hakunikaribisha ndani, akaniambia kuna mtu aliyemlipa yote jana yake. Tukaanza kutafuta nyingine. Kila tuliyoiona ilikuwa imepanda kabla hatujafika. Bado tunatafuta, ingawa siku hizi ninatafuta peke yangu.

Mama anakaa kwangu, kwenye vyumba viwili vya kupanga nyuma ya soko. Kimoja kina kitanda chake, kingine kina cherehani, vitambaa na mimi. Viti havina pa kuwekwa. Chungu kiko chini ya kitanda, kimefungwa kwenye gunia. Nimemwambia mara nyingi akitoe, nitanunua mtama, tutakaa hata kwenye mkeka. Anasema magoti yanamwuma.

Juzi palipigwa hodi. Alikuwa jirani yetu wa zamani, yule wa nyumba ya chini ya mteremko, aliyekuwa akinywa uji kwa mama karibu kila siku. Nilimwona kupitia dirisha, ana mkungu wa ndizi kichwani na jasho shingoni. Nikainuka kumfungulia kwa furaha, nikaita chumbani kwamba kuna mtu.

Kitanda kililia. Mama hakutoka. Alinijibu kwa sauti ya chini na ya adabu, kama mtu anayejitahidi asikosee tena:

"Ni mgeni au ni mnunuzi?"