Mkwamba wa Shangazi Genoveva

Mwalimu Adelard alikuwa ubaoni, chaki mkononi, pale jirani yao Mwishehe alipoegemeza baiskeli ukutani na kuvua kofia.

"Mwalimu, shangazi yako ametutoka. Alfajiri ya leo."

Adelard akafanya ishara ya msalaba, akawaaga wanafunzi.

Genoveva ndiye aliyemlea. Alitoka Bukoba na mumewe karani, akabaki mjane hapa Kinondoni. Jirani yake Somoe, Mzaramo, ndiye aliyemfundisha mkwamba, kichaka cha matawi membamba na vijiua vidogo ambavyo nyuki huviona kabla ya mtu. Aliwachemshia mizizi yake wenye kuumwa tumbo. Alichimba upande mmoja tu, akafukia, akasali. Upande wa pili aliuacha mpaka mwakani. Aliyeharisha damu hakumpa hata kikombe.

"Nenda hospitali," alisema. "Mkwamba si daktari, nami si mganga."

Adelard alipofika, wanaume walikuwa wanafyeka uwanja ili watandike mikeka.

"Na kichaka hiki cha dirishani, Mwalimu?"

"Kateni."

Utotoni alikula sana matunda meupe ya mkwamba huko porini. Hiki kilipandwa yeye akiwa shule ya bweni, na kwa kuwa hakuwahi kukiona kikizaa, alikidhani kichaka cha kujiotea tu.

Somoe akaingia, akasimama ghafla. "Adelard! Nani kakata mkwamba wa mwenzangu?"

"Shikamoo, mama. Mkwamba? Mbona hauzai?"

"Marahaba. Dume huo! Dume huchanua tu. Umesoma kote huko, dume hulijui?"

Wanaume wakacheka, kisha wakakumbuka msiba. Adelard alikuwa ameinamia kisiki.

"Kitu pekee alichokipanda kwa mkono wake, mama. Nimekiua."

"Mizizi imeng'olewa?"

"Bado."

"Basi hujaua. Wape majembe yao waondoke hapo."

Adelard akakizungushia kisiki mawe mwenyewe. Mkeka mmoja ukakosa nafasi, wazee wakasogeleana.

Kesho yake Somoe alingoja nje ya kanisa hadi misa ikaisha, mzigo wa matawi kichwani. Makaburini padre akanyunyiza maji ya baraka, jeneza likashushwa, Adelard akatupia udongo wa kwanza. Kaburi lilipojaa, Somoe akampa yale matawi yaliyokatwa, naye akayalaza juu, na vijiua vyake. Wakasali Baba Yetu. Somoe akainua viganja, akaomba dua yake kimya. Kisha wakarudi nyumbani.