Maji ya Mifupa

Kosa langu la mwanzo kazini lilikuwa neno moja: kunywa. Niliwauliza wagonjwa dawa wanazokunywa, nikaamini nimeuliza dawa zote.

Siku ya kwanza nilifika kliniki ya meno mjini Machakos saa nzima kabla ya mlango kufunguliwa, nikitoka Mumbuni kwa miguu, viatu nimevipiga rangi mara mbili. Sikuwa nimesomea kazi hiyo chuoni. Majina ya meno na ya koleo nilijifunza mwenyewe katika vitabu vya kuazima. Daktari mkuu alinipa kazi ya kujaza fomu za wagonjwa na kumshikia vyombo. Sista msimamizi, aliyetunza chumba cha upasuaji, alitazama mwandiko wangu akauliza kama nimekuja kuandika ama kuchora. Fomu yenye neno lililofutwa niliichana, nikaanza upya. Niliogopa kukosea kuliko nilivyoogopa damu.

Baada ya mwaka tulianza kuweka meno ya kupandikiza. Watu wetu huyaita meno ya skrubu, kwa kuwa msumari mdogo wa madini ya titani huingizwa ndani ya mfupa wa taya, kisha jino bandia likafungwa juu yake. Kila mtu aliyatamani. Daktari mkuu alinifundisha kwamba kazi yetu ya kwanza ni kujua nani hayamfai, au hayamfai kwa sasa. Mwenye sukari isiyodhibitiwa huchelewa kupona. Mvutaji sigara vilevile. Mtoto, taya lake bado linakua. Mfupa ukiwa mwembamba, msumari hauna pa kushika. Tena kuna dawa za kuimarisha mifupa, hasa zile nzito wanazopewa waliougua saratani. Taya lililozizoea, likitobolewa, huenda lisipone, mfupa ukafa.

"Hiyo ya mwisho huioni kwa picha," aliniambia. "Ni kuuliza tu."

Nikauliza. Mama mmoja wa Wamunyu, mjane wa mchonga vinyago, alikuja akiwa amepoteza magego mawili ya chini. Nilimwita mwaitu, kama ninavyomwita mama yangu. Nikamuuliza kama kuna dawa anakunywa. Akasema hakuna. Nikamuuliza kama ni mgonjwa wa kitu. Akasema yuko mzima, shamba analima mwenyewe. Nikaandika Hapana mara mbili, kwa mwandiko mzuri kuliko wote wa mwezi ule. Daktari alipomsomea majibu, yule mama alikubali ni hayo.

Asubuhi ya upasuaji alikuwa ameshaketi, sindano ya ganzi iko tayari, daktari ananawa mikono nyuma ya kioo. Nilipomfunga kitambaa kifuani alijikunja, akasema nisikaze, hapo palikatwa. Nikamuuliza palikatwa nini.

"Titi. Lakini huo ugonjwa uliisha," akasema. "Sasa ni maji tu naenda kuwekewa Nairobi kila mwezi. Maji ya mifupa."

"Mwaitu, si nilikuuliza dawa?"

"Uliniuliza dawa ya kunywa. Hii ni maji, mwanangu, inaingia kwa mkono." Akacheka. "Ama wewe unakunywanga kwa mkono?"

Fomu ilikuwa mezani, safi, jina langu chini. Nakiri jambo ambalo sijawahi kumwambia Sista: kwa pumzi mbili hivi nilifikiria kunyamaza. Nilijiambia labda maji ni maji tu. Kisha nikamtazama akifungua kinywa kujizoesha, kama alivyoelekezwa, na miguu ikanipeleka nyuma ya kioo.

Nilisema nimekosea fomu. Sauti ilitoka nyembamba mpaka ikabidi nirudie. Daktari mkuu hakugomba. Aliketi karibu na yule mama, akamweleza kwa Kikamba kwamba leo hakuna kutoboa, kisha akampigia simu daktari wake wa Nairobi. Jibu lilikuwa lile alilohofia.

Baadaye aliirudisha fomu mkononi mwangu. "Ni safi sana, kijana," akasema. "Na mfupa ungekufa, ingebaki safi hivi hivi."

Mama alitengenezewa meno ya kuvaa na kuvua. Hakuyapenda. Aliniambia yanacheza kama kinyago kilichochongwa na mwanafunzi, na mahindi ya kuchoma ameyasahau. Lakini kila anaporudi namwangalia ufizi, na kila mara ni mzima, na kila mara kabla hajafungua kinywa nasoma fomu yake upya.

Mwezi huu ninaacha dawati hili, niende kusomea chuoni kazi niliyojifundisha. Wewe unayelipokea, sitakudanganya kwamba woga umeniisha. Kilichobadilika ni swali. Halisemi tena kunywa. Linamuuliza mgonjwa kama amewahi kumeza dawa, kudungwa au kuwekewa maji, kwa ugonjwa alio nao au ulioisha. Ninaliuliza mara mbili, kalamu ikiwa bado mezani.