Gunia la Dirishani

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya kiwanda cha chai kule Nyansiongo, forimani Ombati hakunisalimia. Alinyoosha kidole kwenye dirisha pekee lililokuwepo, lililoingiza mwanga mzuri wa asubuhi. "Kijana, weka gunia hapo. Na hiyo tofali chini ya fuawe usiguse." Nikatundika gunia, nikaliacha tofali chini ya kile chuma kizito cha kufulia, giza likaingia, tukaanza kazi. Nilidhani mzee ni mchoyo, hataki watu wachungulie ujuzi wake.

Kazi yetu ilikuwa kutengeneza mitambo, lakini Ijumaa mchana tulifua visu, tukiharakisha kumaliza kabla jua halijatua kwa kuwa Ombati ni Msabato. Tulitumia springi kuukuu za lori. Unakata, unachonga kwa tupa mpaka upate umbo, kisha unaweka chuma kwenye makaa. Hapo ndipo penye kazi. Kikifika wekundu wa nyanya mbivu unakitumbukiza kwenye mafuta, nacho kinakuwa kigumu. Ukizidisha moto, kinavunjika kama biskuti. Baadaye unakipasha kidogo tena ili kipunguze ugumu, ndipo unafunga mpini wa mzeituni mwitu kwa ribiti mbili, vile vipande vya chuma vinavyogongwa vichwa.

"Nitaujuaje huo wekundu?" nilimuuliza.

"Utauona tu."

Miaka kadhaa baadaye nilihamishiwa kiwanda kingine karibu na Nyamira, nikawa forimani, nikaendelea kufua visu. Jambo la kwanza nililofanya ni kutundika gunia dirishani na kusukuma tofali chini ya fuawe. Meneja alipita akauliza, "Forimani, mnaficha nini humu?" Nikamwambia ndivyo kazi inavyofanywa. 

Sasa nimestaafu. Binti yangu Kemunto, anayeongoza wageni kupanda milima, aliniomba kisu cha porini. "Baba, nataka chenye umetengeneza wewe, si cha duka." Nikajenga tanuri uani kando ya migomba, penye jua tele, nikijisifu kwamba hatimaye nitaona vizuri. Kisu cha kwanza kilianguka kwenye jiwe kikawa vipande viwili. Cha pili kilimeguka ncha, cha tatu kikapasuka kikiwa bado kwenye mafuta. Springi zilikuwa zilezile, na wekundu uleule niliouzoea. Nilibadilisha makaa, nikabadilisha mafuta, nikalaumu hata lori. Sikuelewa kitu.

"Pengine ni macho, Baba Kemunto," mke wangu akasema kwa upole. Upole huo uliniuma kuliko matusi. Nikaanza kujiuliza kama niliwahi kuwa fundi, au Ombati alinibeba tu.

Alasiri moja mvua ikanyesha kama kawaida ya huku kwetu, nikahamishia makaa kwenye jiko letu la zamani, kibanda chenye giza na kuta nyeusi kwa moshi. Mle ndani chuma kiliwaka mapema mno. Juani kingekuwa bado cheusi machoni pangu. Nilisita, kisha nikakitumbukiza. Baadaye nilikipiga kwenye gogo mara kumi, hakikumeguka. Nikaketi kwenye kigoda nikalikumbuka gunia. Gizani wekundu huonekana mapema; juani, mpaka uuone, chuma kimeshazidi moto. Aibu ilinishika, na furaha pia.

Nilikwenda Marani kwa Ombati, sasa mzee sana, nikiwa nimebeba kile kisu.

"Mzee, mbona hukuniambia gunia ni la kupima moto?"

Alikigeuzageuza kisu. "Kupima nini?"

Nikamweleza. 

"Mimi nilikuta imewekwa na forimani wa mbele yangu," akasema. "Nilifikiri ni ya kuzuia baridi."

Kemunto aliondoka na kisu chake kiunoni. Wiki iliyopita fundi aliyeshika nafasi yangu Nyamira alinipigia simu. Walikuwa wamesafisha karakana, dirisha liko wazi, na visu vinavunjika. Nikamwambia arudishe gunia, na safari hii nikamweleza sababu yote, polepole, nikiona fahari.

"Asante, mzee. Na hii tofali chini ya fuawe ni ya nini?"



"Sijui," nikasema. "Usiiguse."