Januari Mara Tatu

Hili hamtaliamini, na siwalaumu: mtu mzima kusahau mwaka mpya, ule wetu wa kufuata mwezi! Wala si mtu wa porini. Ni mpwa wangu Yueh-chin, mchambuzi wa hisa hapa hapa mjini Hsinchu, kichwa kinachopiga hesabu kuliko mashine. Kichwa hicho kakirithi ujombani, msiulize kwa nani.

Kazi yake ni kuagua faida ya kiwanda cha chipu za kompyuta kabla chenyewe hakijaitangaza. Unahesabu prosesa zilizouzwa, unazidisha kwa bei, unatoa gharama, unagawa kwa hisa. Basi. Hata mimi niliyeishia darasa la sita naiweza, ila sina nafasi.

Mwaka jana alikosea mara mbili. Bwana Ko, mkubwa wake, akamwambia wazi: "Dada Chin, ukikosea ya tatu, kiti hicho kina mtu anakisubiri." Akamsikia kama usikiavyo mvua ya mtaa wa pili. Tangu mumewe afariki mwezi wa kumi, maneno yote yalimfikia hivyo. Chakula cha boksi alikimaliza. Ukimwuliza alikula samaki au kuku, hajui.

Mwisho wa Januari akapiga hesabu. Prosesa milioni tatu zimetoka mwezi huo, robo mwaka ina miezi mitatu, kwa hiyo milioni tisa. Faida kwa kila hisa, dola kumi na nane. Taarifa ilitakiwa kwa wateja saa kumi na moja jioni. Saa kumi na robo, kwa mazoea tu, akampigia mtunza ghala wa kiwanda kinachonunua prosesa hizo.

"Februari mtapokea ngapi?"

"Februari? Dada, umelala? Mwaka mpya huo! Geti linafungwa siku tisa. Unadhani Januari tulijaza ghala kwa kupenda?"

Yueh-chin akakata simu. Nyumba yenye msiba kwetu haipiki keki za mwaka mpya. Kwake hazikupikwa, na sikukuu yenyewe ikamtoka kichwani. Akaingia kwa Bwana Ko kama anayepeleka barua ya mtu mwingine.

"Nimekosea. Januari ilibeba na mzigo wa Februari. Si milioni tisa, ni saba. Faida ni dola kumi na mbili."

"We Dada Chin! Kalenda imekutoroka?"

"Kwangu mwaka huu hakuna mwaka mpya."

Bwana Ko akatazama saa ya ukutani. "Rekebisha. Haraka."

Matokeo yalipotoka mwezi wa tano, yalikuwa dola kumi na mbili na senti kumi. Kiti kikabaki chake. Furaha? Aliitafuta, hakuiona, akafungua faili la robo inayofuata. Lakini ofisi, jamani! Ofisi ililipuka, watu mia tatu wakapanda juu ya meza, Bwana Ko akapiga magoti mbele yake, machozi yanamtiririka, aka—

"Mjomba," alisema Yueh-chin, aliyekaa hapo pembeni akimenya chungwa, bila kuinua kichwa. "Tulikuwa saba. Na alikuwa anaokota kalamu."